Historia ya Wiki Mbili: Ushauri Unaowagharimu Vijana Wetu Marekani

Kila Agosti inapokaribia, familia za Waswahili wanaoishi Marekani huletewa ushauri uleule. Hutolewa baada ya ibada, kwenye vikao vya harusi, kazini wakati wa mapumziko ya shifti ya usiku, na anayeutoa huwa ni mtu mwenye nia njema kabisa. Mwanangu, husema, usikae darasani miezi minne ukisoma historia. Kuna mtihani unaitwa CLEP. Lipa ada, piga msuli wiki mbili, kaa mbele ya kompyuta saa moja na nusu, utoke na krediti tatu. Historia ni kukariri tu. Darasani nenda kwa ajili ya hesabu, uuguzi na kompyuta.

Nimeusikia kwa Wakenya, kwa Watanzania, kwa Wakongomani waliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, na siku hizi hakuna anayeuhoji. Mimi naupinga. Unawaumiza zaidi wale unaodai kuwasaidia, na umesimama juu ya dhana potofu kuhusu pesa, kuhusu mtihani wenyewe na kuhusu historia.

Kabla ya kuupinga, niueleze kama watetezi wake wangeueleza.

CLEP ni mfumo wa mitihani ulioanzishwa mwaka 1967 na unaoendeshwa na College Board, taasisi ileile inayosimamia mtihani wa SAT. Shabaha yake ni kumwezesha mtu aliyejifunza nje ya chuo, awe askari, mfanyakazi au mama wa nyumbani, athibitishe kwamba tayari anajua yanayofundishwa katika kozi za mwanzo za chuo. Historia ina mitihani minne: miwili ya historia ya Marekani, wa kwanza ukiishia 1877 na wa pili ukianzia 1865, na miwili ya ustaarabu wa Magharibi, ukigawanywa na mwaka 1648. Kila mmoja una maswali kama 120 ya kuchagua jibu, kwa dakika 90. Jibu baya halipunguzi maksi. Alama hupangwa kati ya 20 na 80, na American Council on Education hupendekeza kwamba anayefikisha 50 apewe krediti tatu. Ada haifiki dola 100, ukiacha kiasi ambacho kituo cha mtihani kinaweza kutoza chenyewe. Lipo hata shirika lisilo la faida, Modern States, linalotoa masomo ya bure na kumlipia ada anayeyakamilisha.

Watetezi wanaendelea: linganisha na kozi nzima ya chuo kikuu, ambayo inaweza kula dola elfu moja au zaidi kabla hujanunua kitabu. Mtihani hauingizwi kwenye wastani wa alama, kwa hiyo aliyefaulu kwa shida na aliyefaulu kwa kishindo wanaonekana sawa kwenye cheti. Anayehudumia wazee usiku na ana watoto wawili hawezi kufika darasani saa nne asubuhi mara tatu kwa wiki. Tena majimbo mengine yanalazimisha: Texas, kwa mfano, sheria inamtaka kila mhitimu wa chuo cha umma awe na krediti sita za historia ya Marekani. Kwa kijana wa uhandisi, hizo ni kozi mbili za kitu asichokipenda. Kwa nini asizimalize upesi?

Hiyo ndiyo hoja yao, na sijaipunguza nguvu.

1. Akiba ambayo mara nyingi haipo

Tuanze na pesa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata shauri.

College Board haitoi krediti hata moja. Inatoa maksi. Krediti hutolewa na chuo, na chuo hakilazimiki kufuata pendekezo la 50. Vyuo zaidi ya 2,900 vinaitambua CLEP, na idadi hiyo hutajwa kana kwamba ni ahadi, lakini kila kimoja kina masharti yake. Kimoja kinaridhika na 50, kingine kinataka zaidi. Kimoja kinahesabu mtihani wa ustaarabu wa Magharibi kuwa somo la lazima, kingine kinautupa kwenye krediti za hiari ambazo hazizibi pengo lolote katika programu ya mwanafunzi. Vingine vinaweka kikomo cha krediti zinazoweza kupatikana kwa mitihani. Vyuo kama Harvard na Yale havitoi krediti ya CLEP kabisa. Na anayeanzia chuo cha jamii cha miaka miwili kisha akahamia chuo kikuu hupimwa upya: krediti iliyokubaliwa kule mwanzo inaweza isivuke naye. Krediti tatu zisizoingia kwenye orodha ya mahitaji ya digrii hazijamwokolea mtu senti. Atakaa kwenye kozi ileile aliyoikimbia, akiwa amekwisha kulipia mtihani.

Lakini hilo si kubwa kama hili linalofuata, ambalo sijawahi kulisikia likitajwa na yeyote anayetoa ushauri huu.

Tumchukue msichana mmoja. Ana kadi ya kijani, analelewa na mama peke yake, kipato cha nyumbani ni kidogo, na ameandikishwa chuo cha jamii karibu na anakoishi. Huyu ndiye hasa anayeambiwa akimbilie mtihani kwa sababu familia haina pesa. Sasa tazama hesabu yake. Msaada wa serikali kuu uitwao Pell, ambao haurudishwi, umefika hadi dola 7,395 kwa mwaka katika miaka ya karibuni ya masomo. Ada ya wastani ya mwaka mzima katika chuo cha umma cha miaka miwili ni takriban dola 4,000. Msichana huyu akipata Pell kamili, kozi yake ya historia imekwisha kulipiwa kabla hajakanyaga darasani. Kozi ni bure kwake. Cha kulipia ni mtihani, na ada ya mtihani anaitoa kwenye mshahara wake wa saa.

Si hilo tu. Pell hutolewa kulingana na krediti alizojiandikisha, na mwanafunzi wa muda kamili ni mwenye krediti 12 kwa muhula. Krediti za mtihani hazihesabiwi kuwa ni kujiandikisha. Akiiondoa historia kwenye ratiba kwa sababu "ataimaliza kwa CLEP", akabaki na krediti tisa, msaada wake unashuka hadi robo tatu. Ameokoa kozi ambayo haikuwa inamgharimu, na amepoteza sehemu ya pesa zilizokuwa zikimlipia basi, vitabu na chakula.

Mwanafunzi aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa viza ya masomo yumo kwenye hatari kubwa zaidi. Pell hapati, kwa hiyo kwake mtihani unaonekana kweli kuwa nafuu. Lakini masharti ya viza yake yanamtaka awe mwanafunzi wa muda kamili kila muhula. Akishuka chini ya krediti 12 bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, makaratasi yake yameharibika. Hakuna akiba ya kozi moja inayolingana na hasara hiyo.

Basi nani hasa anayeokoa pesa? Ni mwenye kulipa ada kamili kutoka mfukoni, mahali ambapo chuo chake kinaukubali mtihani kwa somo analolihitaji. Watu hao wapo. Lakini ushauri unatolewa kwa kila mtu, na sauti huwa kubwa zaidi mbele ya familia maskini.

2. Wanaokariri na mtihani unaowaangusha

Dhana ya kwamba historia ya Marekani ni ya kukariri ina chanzo chake, na nadhani nakijua. Wazee wetu wengi waliomba uraia. Kwa miaka mingi mtihani wa uraia ulikuwa na maswali 100 yaliyochapishwa pamoja na majibu yake. Ulikuwa unakaa mezani baada ya kazi, mtoto anakuuliza, wewe unajibu, mpaka yanaganda kichwani. Ofisa alikuwa anauliza hadi maswali 10, ukipata sita umepita. Watu walifaulu hivyo kwa maelfu, na wakatoka na imani kwamba historia ya nchi ile ni orodha. Sasa wanawapa watoto wao mbinu ileile kwa mtihani wa aina nyingine kabisa.

CLEP haichapishi maswali yake yote na majibu. Mtihani wa kwanza wa historia ya Marekani unachukua takriban asilimia 30 ya maswali kutoka kipindi cha kabla ya 1790 na asilimia 70 kutoka 1790 hadi 1877. Karibu theluthi moja tu ni siasa na sera. Sehemu kubwa inayobaki ni maisha ya jamii, utamaduni na fikra, uhusiano na mataifa mengine, na uchumi. Marais na vita, ambavyo ndivyo mtu hukariri kwanza, havitoshi kukuvusha. Dakika 90 kwa maswali 120 ni sekunde 45 kwa swali, pamoja na kulisoma.

Nionyeshe kwa mfano mmoja. Aliyekariri ana vikadi vitatu. Kimoja kimeandikwa 1798, maazimio ya Virginia na Kentucky, Madison na Jefferson. Cha pili 1814, mkutano wa Hartford, chama cha Federalist. Cha tatu 1832, South Carolina yabatilisha ushuru wa forodha, Calhoun. Anavijua vyote bila kukosea. Sasa anawekewa mistari mitatu ya hoja isiyo na tarehe wala jina, inayosema kwamba jimbo lina haki ya kuamua lenyewe kama sheria ya serikali kuu inaivunja katiba. Anaulizwa hoja hiyo ilitumiwa na nani. Au anaulizwa ni kitu gani kinaunganisha matukio hayo matatu. Kadi hazikumwambia. Hakuwahi kujiuliza kwa nini watu wa kaskazini, waliochukizwa na vita dhidi ya Uingereza mwaka 1814, walielekea kwenye hoja ambayo miaka 18 baadaye ilishikwa na wenye mashamba wa kusini waliochukizwa na ushuru. Aliyesoma sura nzima ya kitabu kizuri, hata kama amesahau nusu ya tarehe, analijibu swali hilo kwa sekunde 20. Aliyekariri anakisia.

Na hapa ndipo hoja yao inajipinga yenyewe. Wanasema wiki mbili zinatosha. Wanasema pia kwamba krediti hizo ni sawa na za kozi. Yote mawili hayawezi kuwa kweli kwa mtu asiyejua kitu. Kwa kanuni inayofuatwa Marekani, krediti moja ni saa moja ya darasa na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa takriban wiki 15. Krediti tatu basi ni saa 135 za kazi. Zigawe kwa siku 14: ni zaidi ya saa tisa kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kijana anayefanya kazi na kuhudhuria masomo mengine hana saa tisa. Ana moja, labda mbili, akiwa na usingizi. Kwa hiyo ama atafeli, ama atafaulu bila kujua kile ambacho cheti kinasema anakijua.

Akifeli, haruhusiwi kurudia mtihani huo kabla ya miezi mitatu kupita. Muhula umekwisha. Nafasi kwenye kozi imekwisha. Na kwa kijana ambaye tayari ana wasiwasi kama kweli chuo ni mahali pake, kushindwa mtihani ambao kila mtu alimwambia ni wa kubonyeza tu ni pigo ambalo hatalisema nyumbani.

3. Kinachobaki kwa aliyefaulu

Tuseme amefaulu. Watetezi hapo ndipo wanapomaliza hadithi. Mimi nataka tuendelee mbele kidogo.

College Board hiyohiyo ina mtihani mwingine wa historia ya Marekani, AP, unaofanywa na wanafunzi wa sekondari. Unachukua saa tatu na dakika 15. Una maswali 55 ya kuchagua, maswali ya majibu mafupi, insha ndefu, na insha nyingine inayojengwa kutokana na hati saba ambazo mwanafunzi huwekewa mbele yake azisome, azilinganishe na azitumie kama ushahidi. Maswali ya kuchagua ni asilimia 40 tu ya alama. Yaani taasisi ileile inapompima mtoto wa miaka 17 inaona haiwezi kuamini kwamba anajua historia mpaka aandike. Inapompima mtu mzima kwa CLEP, haimtaki aandike hata sentensi moja. Anayeniambia kwamba mitihani hiyo miwili inapima kitu kimoja anieleze zile hati saba zilikwenda wapi.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu linahusu kizazi kilichosoma nyumbani. Aliyemaliza kidato cha nne Tanzania aliandika insha za historia kwenye mtihani wa NECTA. Aliyefanya KCSE Kenya aliandika majibu marefu, akipanga hoja zake moja baada ya nyingine. Wazazi hawa walifundishwa kwamba historia ni kueleza sababu na matokeo kwa maandishi. Leo wanawaambia watoto wao, walio katika nchi yenye maktaba kila mtaa, kwamba somo lilelile ni la kubonyeza. Wanawapa watoto kidogo kuliko walichopewa wao katika shule zisizo na vitabu vya kutosha.

Kozi ya historia ya mwaka wa kwanza, kwa vijana wetu wengi, ni mahali pa kwanza chuoni pa kuandika kurasa tano zenye hoja, kurudishiwa zikiwa na maandishi ya mwalimu pembeni, na kuziandika upya. Ni mahali ambapo profesa anaanza kumjua kwa jina, na miaka miwili baadaye, barua ya kumpendekeza inapohitajika kwa shule ya uuguzi au ya sheria, yupo mtu wa kuiandika. Mtihani wa kompyuta hauandiki barua. Asiye na ndugu aliyetangulia chuoni anazihitaji zaidi barua hizo kuliko mtoto wa daktari.

Kisha kuna historia yenyewe, na ninaomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu hili ndilo linalonifanya niandike. Kijana wa asili ya Kiswahili ana mlango wake mwenyewe wa kuingilia historia ya Marekani, na hakuna kikadi kinachomwonyesha mlango huo. Mwaka 1833, mwaka mmoja tu baada ya mgogoro wa South Carolina niliokwisha kuutaja, Edmund Roberts, mjumbe wa serikali ya Rais Andrew Jackson, alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, alifika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani. Mwaka 1840 jahazi la Sultana lilitia nanga New York likiwa na Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Seyyid Said.

Biashara hiyo ilikuwa ya nini? Viwanda vya Massachusetts, vikiwemo vya mji wa Lowell, vilifuma kitambaa kigumu cha pamba ambacho pwani yetu ilikiita merikani. Misafara ilikibeba hadi Tabora na Ujiji, kikatumika kulipia wapagazi, hongo na pembe za ndovu. Pembe zikasafirishwa hadi Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vibonyezo vya piano. Pamba ya kitambaa kile ililimwa na kuchumwa na watumwa katika majimbo ya kusini. Ushuru uliowakasirisha wenye mashamba wa South Carolina ndio uliokuwa ukivilinda viwanda vya kaskazini. Vita vilipoanza mwaka 1861 na pamba ya kusini ikakatika, merikani iliadimika na kupanda bei katika soko la Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake.

Mwanafunzi anayeyaona hayo ameelewa ushuru, viwanda, utumwa, diplomasia na vita kwa pamoja. Ameona pia kwamba babu zake walikuwemo, wengine wakiwa wapagazi, wengine wafanyabiashara, wengine watumwa kwenye mashamba ya mikarafuu. Hayo hupatikana pale ambapo mtu ana wiki za kutosha, kitabu, na mwalimu wa kumwuliza swali ambalo halimo kwenye orodha. Wiki mbili za vikadi hazina nafasi hiyo. Na kijana anayemaliza chuo akiamini kwamba historia ya nchi anayoishi haimhusu, atakuwa ameambiwa hivyo na watu wake mwenyewe.

4. Lugha na uraia

Hoja ya mwisho wanayoishikilia ni kwamba mtihani humwepusha mwenye Kiingereza kigumu na aibu ya darasa. Ni kinyume chake. Darasani anayechelewa kuelewa anaweza kuuliza, kumfuata mwalimu saa za ofisi, kuisoma sura mara tatu. Kwenye CLEP muda wa ziada hutolewa kwa mwenye ulemavu uliothibitishwa. Kiingereza kuwa lugha ya tatu, baada ya Kibembe na Kiswahili, si sababu inayokubaliwa. Swali linaloulizwa kwa kukanusha, likitaka jibu moja lisilo sahihi kati ya matano, halisomeki kwa utulivu ndani ya sekunde 45 na mtu anayetafsiri kichwani.

Na kuna kipindi kimoja ambacho hakuna mhamiaji anayepaswa kukipita kwa vikadi: miaka ya baada ya vita, kuanzia 1865 hadi 1877. Kimo kwenye mitihani yote miwili ya historia ya Marekani. Kwenye vikadi ni namba tatu: marekebisho ya 13, ya 14 na ya 15 ya katiba, 1865, 1868, 1870. Lakini marekebisho ya 14 ndiyo yanayosema kwamba aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Yaliandikwa kuufuta uamuzi wa Dred Scott wa mwaka 1857, ambapo Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mtu Mweusi hawezi kuwa raia. Mwaka 1898, katika kesi ya Wong Kim Ark, kijana aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina, mahakama hiyo ilithibitisha kwamba ulinzi huo unawafikia watoto wa wahamiaji. Watoto wetu waliozaliwa Minneapolis, Dallas na Columbus wanasimama juu ya sentensi hiyo, na sentensi hiyo inabishaniwa hadi leo. Atakayeitetea kesho ni yule anayejua iliandikwa dhidi ya nani, ikapuuzwa vipi, na ikarudishwa kwa kazi gani. Kuijua kama namba 14 hakutamsaidia mtu yeyote.

5. Kabla hujalipa

Yupo anayestahili kuufanya mtihani huu. Mwalimu aliyefundisha historia miaka kumi Kisumu au Morogoro akahamia Marekani na kukuta cheti chake hakitambuliwi, afanye. Askari aliyesoma vitabu kambini, afanye, jeshi litamlipia. Kijana aliyesoma kitabu cha kozi jalada hadi jalada kwa miezi kadhaa, akaandika muhtasari wake mwenyewe wa kila sura, afanye. Hao wanakwenda kuthibitisha wanachokijua, na hiyo ndiyo kazi ya mtihani tangu 1967.

Kwa wengine wote, naomba kitu kidogo. Mzazi, mjomba, shangazi, kabla hujamwambia mtoto "maliza historia kwa wiki mbili", nenda naye ofisi ya msajili wa chuo chake na muulize mambo manne, tena mpewe majibu kwa maandishi. Je, chuo kinaukubali mtihani huu, na kwa alama ngapi? Krediti zitajaza somo gani la lazima katika programu yake? Chuo kikuu anachotaka kuhamia kitazipokea? Na akipunguza krediti za muhula huu, msaada wake wa masomo au viza yake itakuwaje? Kama jibu moja kati ya hayo si zuri, mwandikishe darasani. Na akishaandikishwa, usimwite nyumbani kila jioni kushika zamu za kazi, mwache asome.